Chupa ya Saba Kutoka Gongoni

Gongoni, 9 Januari 2024

Dada Kanze, msomi wetu,

Shikamoo. Umenizidi miaka mitatu tu, kwa hiyo hiyo shikamoo nimekupa kwa huruma, usiizoee.

Sanduku hili lina chupa tatu za maji. Gona, yule dereva mwenye jino la dhahabu, amekubali kuliweka chini ya kiti chake mpaka Kilifi, na nimemwambia kuna nyoka ndani ili asilifungue. Akikukabidhi huku anakimbia, usishangae.

Umesema mwalimu wako, Daktari Jedida, hataki picha wala ujumbe wa simu. Anataka kila chupa iende na karatasi yake, iliyoandikwa kwa mkono palepale ilipojazwa: siku, saa, bwawa gani, digrii ngapi, na jina la aliyejaza. Haya. Mimi sikuacha shule kidato cha pili kwa kushindwa kuandika. Niliacha kwa sababu walimu walikuwa wameniishia. Karatasi zako zimo, na barua hii ni nyongeza, ya bure.

Hujafika huku tangu niajiriwe kwenye mabwawa ya chumvi, basi nikupe picha. Pampu inaivuta bahari mpaka bwawa la kwanza, na pale jua linaanza kuinywa. Inahamishwa bwawa la pili, jua linainywa tena. Kila bwawa maji yanapungua na uzito unazidi, na sisi tunaupima kwa kile kijiti cha kioo kinachoelea: kikizama sana maji ni mepesi, kikisimama juu maji ni mazito, na namba tunaiita digrii. Mabwawa ya mbele ndiko chumvi inakolala. La mwisho kabisa, nyuma ya nyumba ya pampu, linakaa maji yaliyobaki baada ya chumvi kutolewa. Tunayaita maji machungu. Hayana kazi, hata nzi hayataki.

Bwawa lako ni la tatu. Hapo chumvi bado haijaamka lakini jasi imeshaamka. Imetanda chini ya maji kama gamba jeupe lenye meno, na ukikanyaga bila viatu utaimba. Masha, nyapara wetu, anasema jasi ni bahari inayojaribu kupata mifupa. Adhuhuri hakuna mahali maji yanapoishia na mbingu inapoanzia. Ukitembea juu ya tuta unajiona kama uko ndani ya yai, na mwangaza unakuzunguka pande zote, na husikii kitu ila chumvi inavyopasuka pasuka taratibu kama mtu anayetafuna mbali.

Nimepima zote tatu. Digrii kumi na nane, kumi na nane, kumi na tisa. Hakuna mpimaji kama mimi kuanzia hapa mpaka Lamu.

Mdogo wako asiye na mfano,
Kambi


Kilifi, 14 Januari 2024

Kambi,

Shikamoo yako imefika, ina chumvi kidogo. Chupa pia zimefika salama. Gona aliniuliza kama nyoka amelala.

Umeniuliza juzi kwenye simu ninayapikia nini maji yako, nikakuambia kuwa huwezi kuelewa. Nilikosea, naomba radhi. Nakueleza sasa.

Jasi si jiwe tupu. Ni jiwe lililokunywa maji na kuyaficha. Kila chembe yake imeshika maji mawili, yaani chembe mbili za maji, ndiyo maana ukiiangalia ni ngumu na kavu, lakini moja ya tano ya uzito wake ni maji. Ukiipasha moto inaachia sehemu kubwa ya maji hayo, inabaki na nusu ya moja tu. Hiyo ya nusu maji ndiyo ule unga mweupe waliomfungia mama mkono alipoanguka kisimani; aliukoroga daktari, ukanywa maji, ukawa jiwe tena mbele ya macho yetu. Ukizidi kuipasha inaachia yote, inakuwa jasi kavu, ambayo haina hamu tena ya maji wala ya mtu.

Ni kitu kimoja chenye hali tatu. Swali langu ni hili: ndani ya maji ya chumvi yaliyotiwa asidi, ni hali ipi inayodumu, kwa joto gani, kwa muda gani? Wapo watu wanaoyeyusha mawe kwa asidi ili watoe madini, na jasi ikibadilika hali bila wao kutarajia inawazibia mabomba. Wakijua itabadilika lini, wataiongoza. Mimi nachukua maji yako, naongeza asidi ya chumvi, naweka kipande cha jasi safi, napasha nyuzi joto sabini kwa siku tisa, na kila siku natazama kwa hadubini.

Sasa nisikilize. Tarehe saba Machi nasimama mbele ya jopo la walimu. Muda wangu wa kusoma unaishia mwaka huu. Nikikosa shahada hii sasa, siirudii tena, narudi nyumbani Barani kwa mama na sanduku la nguo.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja: digrii usikisie. Soma kijiti kikishatulia. Hesbon, anayetunza maabara yetu, ananiambia kila siku niyapime tena maji yakifika. Namwambia hakuna haja, aliyeyapima ni ndugu yangu.

Dada yako,
Kanze


Gongoni, 23 Januari 2024

Kwa Malkia wa Hadubini,

Kumbe jasi inakunywa na kuficha! Nimemwambia Masha, akasema basi inafanana na mjomba wetu wa Kakuyuni. Leo mchana kutwa nilikuwa nawatazama wenzangu wakisukuma mikokoteni ya chumvi, nikawa nawaza kila kitu hapa kimekunywa kitu. Mimi mwenyewe nimelinywa jua mpaka natoa moshi.

Hizi hapa chupa nne, ya nne mpaka ya saba. Nilizijaza siku moja, nikiwa na baiskeli ya Masha, maana kutoka nyumba ya pampu mpaka bwawa la tatu ni mwendo wa kumsahau mchumba. Ya nne, ya tano na ya sita nilizijaza asubuhi. Ya saba nilirudi kuijaza saa saba mchana, kama ulivyotaka iwepo moja ya jua kali.

Hiyo ya saba, Kanze, ina hadithi. Nilifika bwawa la tatu nikakuta ndege heroe wamesimama, mia, labda mia mbili, mguu mmoja mmoja, wekundu mpaka maji yamekuwa mekundu. Hawakukimbia. Walinipisha. Mmoja mkubwa kuliko wote akainamisha shingo kama anasoma kijiti cha kioo pamoja nami, na wote wawili tukasoma kumi na nane. Kama Daktari Jedida anataka shahidi wa pili aandike hivyo: heroe, mkazi wa Gongoni.

Sifa zikianza kumwagika huko Kilifi, jina langu linaandikwa kwa K kubwa.

Sultani wa Chumvi,
Kambi


Kilifi, 2 Februari 2024

Kambi!

Siwezi kukaa. Naandika nimesimama kwenye meza ya maabara na Hesbon ananicheka.

Chupa zako sita za kwanza zimefanya kama vitabu vinavyosema: nyuzi sabini, asidi, na jasi imebaki jasi, maji yake mawili mkononi. Ya saba niliamua kuiongezea asidi mara mbili, nione tu. Baada ya saa nne nilichukua tone nikaliweka chini ya hadubini, na jasi yangu haikuwepo. Pale palipokuwa na vibapa vinene kulikuwa na sindano. Maelfu, nyembamba, zimejipanga kama mvua iliyosimama ikasahau kuanguka. Nusu maji, Kambi! Na zimekaa! Nilidhani zitageuka tena kesho yake. Leo ni siku ya saba na bado zipo, hazirudi kuwa jasi wala hazikauki.

Natazama mpaka napotea. Nikiinua kichwa naona sindano ukutani, kwenye mwangaza wa dirisha, kwenye nywele za Hesbon. Jana nilivuka daraja kwa miguu na maji ya mkondo chini yakawa yote sindano nyeupe zinazoelea, nikasimama katikati kama mwendawazimu mpaka mama mmoja muuza korosho akaniuliza, "Mwanangu, umepoteza kitu?" Nikamwambia nimekipata.

Daktari Jedida naye ametazama. Alivua miwani akaifuta akatazama tena. Kwake hiyo ni sherehe.

Mpe heroe wako salamu.

Kanze


Gongoni, 8 Februari 2024

Dada,

Hongera. Nilijua. Mkono wangu una baraka, hata mama alisema nilipozaliwa, au alisema kitu kingine, sikumbuki.

Huku hakuna jipya. Jua lipo. Masha amenunua miwani ya giza na sasa hatujui anamtazama nani, kwa hiyo wote tunafanya kazi, jambo la kusikitisha sana.

Nina swali dogo, la mtu asiyesoma, usilichukulie uzito. Hivi hizo sindano zinafanywa na ile asidi uliyoongeza, au zinafanywa na maji yenyewe? Na kama, tuseme tu, maji ya ile chupa yangekuwa mazito kidogo kuliko mengine, ingekuwa tofauti kubwa? Nauliza kwa ajili ya kujielimisha. Umesema mwenyewe naweza kuelewa.

Na je, jambo lenyewe ni kubwa kiasi gani? Ni kubwa la kuandikwa, au kubwa la kufurahi tu halafu mnaendelea na mengine?

Kambi


Kilifi, 19 Februari 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa na wenzangu hapa. Jibu: ni asidi. Lazima iwe asidi, kwa sababu maji ni yaleyale ya bwawa la tatu, digrii ni zilezile kumi na nane, joto ni lilelile. Kitu pekee nilichobadilisha ni asidi. Ndivyo tunavyofanya kazi: unashika vyote visitikisike, unasogeza kimoja.

Nayo ni kubwa ya kuandikwa. Tumebadilisha hata kichwa cha tasnifu yangu. Sasa yote inahusu chupa ya saba. Sura mbili za mwanzo nimezitupa. Ningependa kuirudia mara ya pili, lakini siku hazitoshi, na Daktari Jedida anasema tusimame na tulichonacho, mengine tutayafanya baadaye.

Nimempigia mama. Ameshawaambia kanisa zima la Barani kuwa mwanawe amegundua jiwe jipya. Nilijaribu kumweleza si jiwe jipya, ni jiwe la zamani katika hali ambayo haikutazamiwa kukaa. Akasema, "Ndiyo hilohilo."

Nakuota sana siku hizi. Nakuona umesimama ndani ya yai lako la mwangaza, umeinamia kijiti, na ndege wekundu wamekuzunguka. Nikiamka nafurahi mpaka saa nne.

Tarehe saba, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Niombee.

Kanze


Gongoni, 4 Machi 2024

Kanze,

Nimempa Gona barua hii mkononi na nimemwambia asipokufikishia kabla ya Alhamisi tusijuane tena. Nimeshindwa kukuambia kwa simu. Nilipiga mara mbili jana, ukapokea kwa ile sauti yako ya furaha, nikakuuliza habari za chakula.

Ya nne, ya tano na ya sita ni za kweli. Ya saba si ya bwawa la tatu.

Ilikuwa saa saba. Nilikuwa nimeshakwenda na kurudi asubuhi, na jua lilikuwa limenikaa kichwani. Nilikaa kwenye kivuli cha nyumba ya pampu nipumzike kidogo tu, pale kando ya bwawa la mwisho. Nililala. Nikaota niko kwenye nyumba nyeupe isiyo na paa, na kuta zake zilikuwa maji yaliyosimama wima, nikawa napita chumba hadi chumba nikitafuta mlango, na kila chumba kilikuwa na mwangaza zaidi ya kilichopita. Sijawahi kulala vizuri vile. Nilipoamka, Masha alikuwa anaitaka baiskeli yake na gari la Gona lilikuwa linapiga honi barabarani. Nikainama nikajaza chupa pale nilipokuwa. Maji machungu. Sikupima. Niliandika kumi na nane kwa sababu zile nyingine zilikuwa kumi na nane.

Heroe hawakuwepo. Kulikuwa na mbuzi mmoja.

Nilidhani maji ni maji. Uliponiambia kuhusu sindano nilitaka kukuambia, halafu ukasema umevuka daraja ukaona vile ulivyoona, nikawaza labda ni kweli ni asidi, labda haina maana yalitoka wapi. Halafu ukanijibu kwamba lazima iwe asidi kwa sababu maji ni yaleyale.

Sijui la kufanya. Wewe ndiye unayejua.

Kambi


Kilifi, 8 Machi 2024

Kambi,

Simu zako kumi na moja nimeziona. Sikuzipokea kwa sababu sikuamini sauti yangu.

Gona alinifikia Jumatano adhuhuri, getini. Niliisoma barua nimesimama juani. Halafu nikaenda maabara, nikatoa kilichobaki cha chupa ya saba, nikaomba kijiti kwa Hesbon. Tukakitazama pamoja mpaka kilipotulia. Thelathini na moja.

Sasa nakueleza ulichofanya, ukijue kwa jina. Maji machungu yamejaa chumvi nyingine, ya magnesi, ambayo inayashika maji kwa nguvu mpaka hayana uhuru. Jasi ikiingia humo inajikuta mahali pasipo na maji ya kunywa, kwa hiyo inaachia na inabaki na nusu yake. Asidi imesaidia, sijui kwa kiasi gani. Sikushika vyote visitikisike. Nilisogeza viwili na nikadhani nimesogeza kimoja.

Jana saa tatu nilisimama mbele yao. Walimu watano. Nilikuwa nimeandaa picha ya zile sindano iwe ya kwanza kuonekana ukutani. Sikuiweka. Niliwaambia: "Chupa ambayo kazi yangu yote imeitegemea ilitoka bwawa ambalo silo. Karatasi yake si ya kweli. Nimejua jana."

Mmoja wao, mgeni, akauliza, "Nani aliijaza?"

Nikasema, "Karatasi ina jina, lakini kosa ni langu. Sikuyapima yalipofika."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipokwama, na sasa nakuambia wewe nilichoshindwa kuwaambia wao. Siku ile ya kwanza nilipoimimina chupa ya saba, maji yalishuka polepole mno. Yaliteleza kati ya vidole kama sabuni. Maji ya bwawa la tatu hayatelezi. Mikono yangu ilijua, Kambi. Nikaenda kunawa, nikarudi kwenye hadubini, na zile sindano zilikuwa nzuri kiasi kwamba sikutaka kuuliza zimetoka wapi. Hesbon aliniambia pima. Kijiti kilikuwa kwenye droo, mkono mmoja tu kutoka nilipoketi. Mwezi mzima.

Kwa hiyo nimekukasirikia, tena sana, na bado sijamaliza. Lakini siwezi kukukasirikia peke yako.

Hawakunipitisha. Hawakunifukuza pia. Wamenipa mpaka mwisho wa Aprili. Nirudie yote: chupa sita za bwawa la tatu, chupa sita za bwawa la mwisho, asidi kiasi kilekile kwa zote. Ikishindikana, basi. Daktari Jedida alinitazama akasema, "Mtafute mtu mwingine wa kujaza." Nikamwambia sina mwingine anayeyajua mabwawa yale.

Hiyo si sifa. Ni kweli tu.

Nataka za bwawa la tatu wiki hii. Mvua zikianza, maji yote ya huko yatachanganyika na kazi yangu itakuwa imeisha.

Kanze


Gongoni, 6 Aprili 2024

Dada Kanze,

Zile sita za bwawa la tatu uliniambia zimefika na umezipima. Uliandika maneno matatu tu, "Zimefika, nimepima, sawa," na nimeyasoma mara nyingi kuliko kitabu chochote. Kama unavyojua, hiyo si idadi kubwa.

Katika sanduku hili kuna za bwawa la mwisho. Kila moja nimeipima mara tatu: nikiwa peke yangu, nikiwa na Masha, halafu tena peke yangu, maana Masha anasoma namba kama anaipigia ramli. Zimejaa tano. Ya kumi na mbili ni tupu. Haikuvunjika wala kumwagika, usimlaumu Gona.

Nilikuwa nimeiacha hiyo moja niijaze jana mchana, iwe ile yako ya jua kali. Mawingu yalikuja kutoka baharini tangu saa tatu. Nilikuwa nimechuchumaa ukingoni na chupa iko wazi mkononi, na tone la kwanza likanipiga shingoni. Halafu mvua ikashuka yote. Kanze, mvua juu ya maji machungu haizami. Inakaa juu, unaiona, ngozi nyepesi inayotetemeka, na chini yake maji ya zamani yamelala mazito, hayataki kujua. Nilisimama nikitazama mpaka nikalowa nguo zote. Ilikuwa kama kuona kitu kinaota.

Ilipopungua nikaweka kijiti. Ishirini na tano. Nikasogea upande mwingine: ishirini na tisa. Nikarudi pale pa kwanza: ishirini na sita.

Masha alikuwa mlangoni kwa nyumba ya pampu. Amefunga Ramadhani, kwa hiyo hasira zake zimezidi kipimo. Akanipigia kelele, "Wewe, jaza hiyo chupa uandike thelathini na moja twende zetu! Nani atajua?"

Nikamwambia, "Ami Masha, nawe umefunga!"

"Nimefunga chakula, sijafunga akili! Dada yako anataka kumi na mbili, mpe kumi na mbili! Zote zimetoka bwawa hilohilo."

"Zimetoka kabla ya mvua."

"Basi chota chini, chini digrii ni ileile."

"Chini ni ileile ngapi? Uniambie namba."

Akavua ile miwani yake ya giza, akaja akainama, akatazama kijiti pamoja nami muda mrefu, akasema, "Hakisimami pahali pamoja." Nikamwambia ndiyo.

Leo kampuni imefunga pampu. Tunarudi nyumbani mpaka mvua ziishe, kwa hiyo siwezi kukupatia nyingine. Najua walikutaka sita kwa sita. Najua moja inaweza kukuangusha. Nimekaa na chupa ile tangu jana nikiizungusha, na ningeweza, Kanze, mkono wangu ungeweza. Karatasi yake nimeiandika hata hivyo. Iko ndani ya chupa.

Mimi nakwenda Barani. Kama mambo yakiharibika, nitakuwa nimeshafika kwa mama kabla yako, nitamwambia mimi.

Kambi


Kilifi, 3 Mei 2024

Kambi,

Nilizipima zote tano. Thelathini na moja, thelathini na moja, thelathini na mbili, thelathini na moja, thelathini na moja. Kila moja ililingana na karatasi yako. Nimezipima si kwa sababu yako. Nitapima kila kitu sasa, mpaka chai.

Zile za bwawa la tatu zilibaki jasi, siku zote tisa, na asidi ikiwamo. Hizi tano ziligeuka zote, na kwa asidi kidogo kuliko niliyotia ile mara ya kwanza. Sindano zilezile. Nilikuwa naogopa kwamba sasa nikiwa najua sababu nitaziona za kawaida. Hapana. Nilipotea tena, asubuhi nzima, na Hesbon aliniletea mandazi akaondoka kwa kunyata.

Jana nilisimama mbele yao. Picha ya sindano niliiweka ya mwisho. Mbele yake niliweka jedwali, mistari kumi na miwili, kila chupa na bwawa lake, digrii zake, siku yake, na jina lako kila mstari, Kambi, kwa K kubwa kama ulivyotaka.

Yule mwalimu mgeni alisogea mpaka ukutani. Akashuka na kidole chake polepole, mstari kwa mstari, wa kwanza, wa tano, wa tisa, wa kumi na moja. Nilikuwa nahesabu pamoja naye. Akafika wa mwisho, ambao hauna namba yoyote, jina lako tu.

"Na hapa?" akauliza. "Kumetokea nini?"

Nikamwambia, "Siku hiyo ilinyesha."

Akaniangalia. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akachukua kalamu, akatia sahihi kwenye fomu ya kunipitisha.